Kesi ya Bibi Asiyewahi Kubomoa

"Hajaua hata mbuzi?" mwenyekiti aliuliza kwa mara ya tatu.

"Hata kuku," nilimjibu kwa mara ya tatu. "Na ukiuliza mara ya nne nitakujibu hivyohivyo, Mheshimiwa, kwa hiyo tuokoe muda."

Ukumbi mzima uliguna. Mwenyekiti alikuwa Enlili, mungu wa dhoruba wa watu wa kale wa Sumeri, yule ambaye husimuliwa kwamba aliwaletea wanadamu gharika kwa sababu kelele zao zilimnyima usingizi. Alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu kama mnara wa simu, na ili tusikilizane, sasa mpiga kelele alikuwa yeye. Nilimwona ni mtu aliyezoea kujibiwa na watu wanaotetemeka. Mimi nimelea watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wabishi kuliko yeye.

"Mafuriko?"

"Hapana."

"Tauni? Nzige? Ukame wa walau msimu mmoja?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Basi miaka yote hiyo amekuwa akifanya nini huko kwenu?"

"Analinda maji."

"Na hayo maji yakafanya nini?"

"Yakabaki mahali pake."

Walicheka mpaka vumbi likadondoka darini. Bibi, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimjadili, alikuwa amesimama kando yangu na kanga yake iliyolowa pindoni, akitazama vidole vyake vya miguu. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa akikandamiza sakafu kwa kisigino, hapa na pale, kama afanyavyo mtu anayetafuta mahali panapovuja.

Jinsi nilivyofika Ngurumoni hakuna faida kuieleza. Niliitwa, nikaenda. Ngurumoni ndiko inakohifadhiwa orodha ya miungu, mizimu na pepo wa mataifa yote, wale wanaoabudiwa na wale waliosahauliwa, na mwaka huo kulikuwa na uhakiki. Kila mwenye jina katika daftari alitakiwa afike mbele ya kamati na binadamu mmoja aliye hai wa kumtolea ushahidi. Bibi ni mlinzi wa ndiva yetu. Ndiva ni bwawa tulilochimbiwa na wazee wetu mlimani kule Upare, linalojaa usiku kwa maji ya mfereji na kufunguliwa asubuhi mashamba ya chini yapate kunywa. Angeweza kumchagua mchungaji au mtendaji wa kata. Alinichagua mimi kwa sababu nina stashahada ya umwagiliaji na ndiye ninayesafisha mlango wa maji.

Niseme wazi, ili asitokee mtu wa kunihubiria: mimi ni mshirika wa kanisa, nina kadi, na sikwenda kule kumwabudu yeyote. Nilikwenda kumtolea ushahidi mtu tunayefanya naye kazi mahali pamoja.

Nilikaa siku tatu kabla ya kesi, na niliyoyaona nayaandika kama yalivyo.

Wenyeji wa Ngurumoni husalimiana hivi: mmoja huuliza, "Umebomoa nini leo?" na mwenzake hujibu, "Si haba." Asiye na la kujibu huinamisha kichwa na kupita upande wa mtaro. Vyeo vyao hupimwa kwa urefu wa kiti. Aliyezamisha mji ana kiti cha ngazi arobaini, aliyezamisha kijiji ana cha ngazi kumi, na aliyepasua mti mmoja kwa radi ana kigoda chenye mto. Walio juu kabisa hawasikiani wao kwa wao, kwa hiyo mambo yote ya nchi hujadiliwa kwa kupiga mayowe. Wakubwa wakibishana, huku chini tunasema kuna ngurumo.

Katikati ya mji kuna sanamu za gharika saba, kila moja na jina la aliyeileta, na shada la maua. Nilimuuliza mlinzi wa bustani iko wapi sanamu ya aliyechimba mifereji iliyoyatoa maji baada ya hapo. Aliniuliza, "Mifereji ipi?" Tulikuwa tumesimama juu ya mmojawapo.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa inavuja. Tone moja tu, juu ya kitanda. Nikaenda kwa ofisa wa majengo, pepo mdogo wa upepo wa kaskazini mwenye beji kubwa kuliko kifua chake.

"Tone si tukio, mama," aliniambia. "Hatushughulikii matone."

"Mnashughulikia nini?"

"Paa likianguka. Likianguka, anakuja Thori mwenyewe, mungu wa radi wa kaskazini, na nyundo yake. Kunakuwa na ngoma, kunakuwa na hotuba, na walioumia wanapewa mablanketi. Ni jambo la kupendeza sana. Vumilia."

Nikaomba ngazi na lami kwa jirani, nikapanda mwenyewe, nikaziba. Ilinichukua chini ya nusu saa. Asubuhi nikaletewa barua ya onyo kwa kosa la kuharibu tukio kabla halijatokea. Barua hiyo ninayo, nimeiweka pamoja na vyeti vyangu.

Aliyenipa ile ngazi alikuwa Kloakina, mungu wa kike wa mitaro ya maji machafu ya Warumi. Huyu nilimpenda mara moja. Mji mzima hauna harufu kwa sababu yake, na kwa sababu hauna harufu, hakuna anayejua kwamba yupo. Kwenye daftari ameandikwa "huduma", na hana ruhusa ya kupita mlango wa mbele wa ukumbi. Tulikaa kibarazani kwake tukazungumza juu ya mteremko wa mabomba hadi chai ikapoa. Aliniuliza kama kwetu watu wa kazi yake wanaheshimiwa. Sikutaka kumdanganya, nikabadilisha mazungumzo.

Na sheria yenyewe ya uhakiki ilikuwa hii: kila jina lithibitishwe kwa Ushahidi wa Ghadhabu. Daftari lilikuwa na safu nne. Ya kwanza, kilichobomoka. Ya pili, idadi. Ya tatu, kilio kilidumu siku ngapi. Ya nne, shukrani zilizotolewa kilipokoma. Asiye na cha kuandika katika safu ya kwanza anafutwa. Na anayefutwa, jina lake linatoka katika vinywa vyote kwa mara moja, vya watu, vya mizimu, hata vya kamati yenyewe. Hakuna atakayelitamka tena.

Bibi alinieleza jambo hilo njiani kwa sauti ile ile ambayo angenielezea bei ya kabichi. Nikamuuliza kama lina uzito kwake.

"Wale akina mama wa zamu ya asubuhi," alisema, "wakizibua ndiva hutaja jina langu kwanza. Siku hizi wamebaki wanne. Hulitaja haraka haraka, maana wana haraka ya kwenda shamba. Lakini hulitaja." Akakandamiza udongo wa njia kwa kisigino, akaendelea. "Sina kingine, Mama Eliamani. Ni hicho tu."

Basi hilo ndilo lililonifanya nisimame mbele ya yule mzee wa mnara na kumjibu bila kupepesa. Nilikuwa nimedhamiria Bibi asipoteze hicho kitu kimoja.

"Karani," Enlili alisema vicheko vilipotulia, "andika kwamba shahidi amekiri safu ya kwanza ni tupu."

Karani alikuwa Thoti wa Misri, mwenye kichwa cha kwarara, ndege yule wa mdomo mrefu uliopinda. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, na hilo linanisikitisha nikikumbuka aliyokuwa akiyaandika.

"Usiandike bado," nilisema. "Nina ushahidi."

"Wa nini? Wa jambo ambalo halikutokea?" Thoti aliinua kalamu. "Mama, sikukatalii kwa ubaya. Jambo lisilotokea halina tarehe. Halina mahali pa kubandikwa."

"Lina tarehe. Ni siku ya sendofu ya wifi yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mwaka ule wa mvua kubwa."

Nikawaeleza. Mwaka ule mvua ilinyesha juma zima bila kupumzika, na vijiji viwili vya jirani vilipoteza ndiva zao. Kimoja kilipoteza watu pia. Siku ya sendofu mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka, watu wamevaa sare, kila mtu anasema sasa yamekwisha. Nilikuwa mezani na sahani ya pilau mkononi, ndiyo kwanza nipate kijiko cha pili, ikanijia kwamba maji ya juu mlimani bado hayajatufikia. Hakuna aliyeniambia. Nilihisi kama nimechomwa mwiba kisiginoni. Nikaiacha ile sahani, nikaondoka na viatu vyangu vya kisigino na kilemba, nikapanda mpaka kwenye ndiva, nikakuta maji yamebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni. Nikafungua mlango wote, nikachimba njia ya pili upande wa mwamba kwa jembe la jirani. Maji yakashuka. Nilirudi sherehe imekwisha, nimejaa tope mpaka kwapani, na wifi yangu hakusema nami miezi minne kwa sababu simo katika picha hata moja.

"Hakuna aliyekufa," nilimalizia. "Hakuna hata aliyejua. Watu kama mia tatu waliendelea kula keki."

Enlili akainama kutoka juu ya kiti chake, na nikaona kwamba si mjinga. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuona mwanya.

"Simulizi nzuri sana," alisema. "Sasa niambie. Aliyepanda mlima ni nani?"

"Mimi."

"Aliyechimba?"

"Mimi."

"Mwenye stashahada ya umwagiliaji, anayejua kwamba maji ya mlimani huchelewa kufika?"

Nitasema ukweli. Kwa miaka tisa nimeihesabu siku ile kuwa yangu. Nimeisimulia kwa wanangu wakiwa wavivu. Nimeisimulia kwenye usaili wa kazi. Ni siku ninayojivunia kuliko siku ya mahafali, na hapo nilikuwa nikiulizwa kama niko tayari kumgawia mtu mwingine nusu yake, mbele ya watu.

"Ni wewe au ni yeye?" aliuliza Enlili.

"Sijui," nilisema. "Kazi niliifanya mimi. Kilichoniinua kwenye kiti sikijui. Nimesoma miaka miwili chuoni, na somo la kuacha pilau ikiwa ya moto halikuwamo."

Bibi akazungumza. Hakuwa amefungua kinywa tangu kesi ianze, kwa hiyo hata walio juu kabisa waliinamisha vichwa wasikie.

"Alikwenda mwenyewe," alisema. "Mimi nilimchoma kisigino tu. Siku ile niliwachoma watu wanne. Watatu walijikuna."

Mtu mmoja akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mwanzo. Kilitoka chini, sakafuni, kwenye moto uliokuwa katikati ya ukumbi. Aliyekuwa akiuchochea alikuwa Hestia, mungu wa kike wa meko ya Wagiriki. Huyo husimuliwa kwamba alimwachia mwenzake kiti chake kati ya wale wakuu kumi na wawili, ugomvi usije ukazuka, na tangu hapo anakaa chini na hakuna anayemkaribisha juu.

"Mmoja kati ya wanne alikusikia," Hestia alisema. "Afadhali wewe. Mimi kwa kila watu kumi wanaoacha moto bila mtu, anayegeuka nyuma ni mmoja."

"Asiye na kiti hachangii!" Enlili alinguruma.

"Sichangii," Hestia alisema. "Naongea na mwenzangu."

Hapo akasimama Sekhmeti, mungu wa kike wa vita wa Misri. Kiti chake kilikuwa cha pili kwa urefu, na kichwa chake ni cha simba jike. Kisa chake wote wanakijua: alitumwa kuwaadhibu wanadamu, akanogewa, akawa hashikiki, mpaka wakamwaga njiani pombe iliyotiwa rangi nyekundu. Akadhani ni damu, akanywa, akalala, na waliosalia wakasalia.

"Kila mwaka nafanyiwa sherehe ya siku ile," alisema. "Wananiimbia idadi ya niliowaua. Sikatai, nyimbo ni tamu. Lakini kuna mtu aliyepika ile pombe. Kuna mtu aliyekoroga ile rangi mpaka ikanidanganya mimi, na mimi sidanganyiki kirahisi. Nimemtafuta miaka elfu nne nimshike mkono. Karani, jina lake liko ukurasa gani?"

Thoti akafunua kurasa, kwa heshima tu, maana alijua. "Hayumo, Mtukufu. Hakubomoa."

"Hayumo," Sekhmeti alirudia, akakaa. Kura yake ya kamati siku ile hakumpa mtu.

Nadhani Enlili aliona ukumbi unamponyoka, kwa sababu ghafla akawa mpole. Akashuka. Ngazi sitini kwa miguu yake mwenyewe, na tulilazimika kumsubiri. Akaagiza liletwe karai la maji, likawekwa mbele ya Bibi. Ndani yake ikaonekana ndiva yetu, ukingo wake, migomba, bonde chini yake, vyote vidogo na safi.

"Mimi si adui yako," alimwambia Bibi, na alipokuwa karibu hivyo sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mjomba. "Sheria ni sheria, lakini inaweza kusaidiwa. Gusa ukingo wa kusini. Kidole kimoja. Yapo mahindi pale na vibanda viwili. Nitaandika mahindi. Utapata kiti cha ngazi tatu, na siku yako ya mwaka, na watu watakutaja, bibi yangu. Si wale wanawake wanne wenye haraka. Watakutaja wote. Watakutaja kwa kupiga magoti."

Nilitazama vile vibanda viwili. Mbele ya kimojawapo binti mmoja alikuwa anaanika nguo za mtoto kwenye kamba, mwenyewe amembeba mtoto mgongoni.

"Kile kibanda," nilisema, "kina bati jipya na sakafu ya saruji, na yule ni Eliamani, mwanangu wa kwanza. Mheshimiwa, mimi nimekuwa na adabu tangu asubuhi."

"Nimesema nitaandika mahindi," alinijibu.

Bibi alikuwa ameinama juu ya karai. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akanyoosha kidole.

Walio juu wakaanza kupiga ngoma. Sikujua kama nimshike mkono au nilipindue karai, na kulipindua karai lenyewe sikujua kungefanya nini kule nyumbani. Kidole kikaingia majini, kikaenda mpaka ukingo wa kusini, chini ya mgomba wa pili. Akakandamiza. Akakandamiza tena kwa gumba, akazungusha, kama mtu anayeziba chungu kilichopasuka. Ngoma zikaendelea kidogo, zikapungua, zikakosa la kufuata.

"Panya," Bibi alisema, akifuta kidole kwenye kanga. "Wametoboa pale. Nilimwomba karani aniweke wa kwanza leo ili niwahi kurudi, akasema nifuate foleni."

Chini, Eliamani alibana pini ya mwisho kwenye kamba, akaingia ndani.

Sitasahau uso wa Enlili. Alikuwa amepewa muujiza mbele ya macho yake, na hakuwa na safu ya kuuandika.

Mimi damu ilikuwa inanichemka. Nikamvuta Bibi pembeni. "Wagomee," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe, na Hestia, na Kloakina, na wote wa namna yenu. Siku moja tu. Moto uzimike, mitaro izibe, kuta zinyonye maji. Jioni watakuja wenyewe kwa magoti na viti mgongoni."

Alinitazama kwa huruma, na mimi sikuzoea kutazamwa hivyo.

"Mitaro ikiziba, watakaougua ni hawa wakubwa?"

"Siku moja, Bibi."

"Siku moja ningeweza. Halafu ningepewa kiti, maana nitakuwa nimebomoa." Akanipigapiga mkono, mkono wake baridi kama jiwe la mtoni. "Wewe unajua kazi, Mama Eliamani. Usinifundishe hasira. Hasira humu ndani imejaa tele."

Enlili alikuwa amekwisha kupanda tena. Kutoka juu akanguruma kwamba kamati imesikia vya kutosha. Safu ya kwanza ni tupu. Mhusika ana mpaka jua litue akalete tukio, vinginevyo jina lake litafutwa, na shahidi asaini kwamba ameelewa.

"Hakuna haja ya kungoja jua," Bibi alisema. "Karani, naomba kalamu."

Thoti hakuelewa. "Kalamu ya nini, bibi?"

"Sheria inasema jina lifutwe. Inasema lifutwe na nani?"

Thoti akafungua kitabu cha sheria, akasoma, akasoma tena, mdomo wake mrefu ukifuata mistari. "Haijasema," alikiri.

"Basi lete."

Nilimshika kiwiko. "Bibi. Wale wanne. Asubuhi wakifika pale."

"Watazibua," alisema. "Maji yatatoka. Nitasikia yanavyoteremka kwenye mfereji." Alisema hivyo na kidevu chake kikainuka kidogo. Wanangu nimewaona hivyo, wakitoka kwenye mtihani na kujua wenyewe, kabla ya matokeo, kwamba wamefanya vizuri. "Kwani mimi nilikuwa nalinda jina?"

Akashika kalamu kama mtu asiyezoea kuishika. Ukurasa wake ulikuwa safi, wala hakuna doa. Akauinamia, akapiga mstari mmoja, ulionyooka kuliko mingi niliyochora mimi chuoni kwa rula.

Nikahisi jina linanitoka. Lilikuwa ulimini, halafu halikuwapo, kama jino la utotoni linavyong'oka bila maumivu. Nikamgeukia nikijua kabisa ni nani, ninamjua tangu nilipokuwa mtoto wa kukatazwa kuogelea pale, na sikuwa na neno.

"Bibi," nilisema.

"Naam," akaitika.

Ilitosha. Nikachukua kalamu nami, maana shahidi alitakiwa kusaini. Nikaandika jina langu lote na la baba yangu, nikaandika chini yake: fundi wa maji, mama wa watoto wanne. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile safu ya kwanza, ya kilichobomoka. Nikaandika "hakuna" kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili. Thoti alinitazama nikiandika, hakunizuia. Nadhani hata alinisogezea wino.

Tukapita mlango wa mbele. Hestia alisimama pale motoni tulipompita, yeye peke yake katika ukumbi ule, na alisimama wima.

Nyuma yetu Enlili alikuwa amegundua kwamba hatujaruhusiwa kuondoka. Nilimsikia akivuta pumzi, ile pumzi ndefu inayotangulia radi, ili amwite arudi. Radi haikuja. Nikageuka. Alikuwa amesimama juu ya mnara wake, kinywa wazi, mkono umenyooshwa kumwelekezea mtu, na hakuwa na jina la kumwitia. Akamtazama Sekhmeti. Sekhmeti akainua mabega. Akamtazama Thoti. Thoti akafunua daftari, akapekua ukurasa baada ya ukurasa.

"Tembea upesi, mwanangu," Bibi alisema, tayari yuko barabarani. "Lile tope nililoliweka ni la muda tu. Panapotakiwa ni udongo wa mfinyanzi."

Nikavua viatu, nikamfuata.